Nani Amelala Kwenu?

Kabla hajakuuliza habari za asubuhi, Mpishi alikuuliza nani amelala kwenu. Hakubagua mtu. Ukikutana naye mazishini, kanisani au kwenye foleni ya maji, ukamwambia umetoka nyumbani Siaya au Bungoma, hakutaka kujua mahindi yamefikia wapi wala wazee wana hali gani. "Na nani amelala?" Ukijibu kwamba ulimwacha binamu ndani ya chumba chako cha mjini, alitikisa kichwa akaridhika. Ukijibu kwamba ulifunga mlango tu ukaenda, alikuangalia kama mtu aliyesikia umesahau mtoto barabarani.

Miaka hiyo ya tisini tulipanga mtaa wa Soweto, Kibera, kwenye ploti moja ya vyumba vya udongo vilivyotazamana, na katikati kijinjia cha kupita mtu na ndoo yake. Chumba chake na changu viligawana ukuta, kwa hivyo mtu huyu nilimjua kwa macho na kwa masikio. Alikuwa mpishi wa kampuni ya safari, zile zinazowapeleka wageni kulala kwenye mahema badala ya hoteli. Naivasha, Samburu, Mara, kote alikopikia alikuwa na mahali pake pa kuchimba moto. Jina lake la kweli nililisikia mara moja tu na halikunikaa. Hata mkewe, Mama Nafula, alimwita Mpishi, ingawa sifa za upishi wake alizisikia kwa watu kama sisi wengine.

"Mimi sijawahi ona huyu mtu akipika hata chai," aliniambia siku moja tukifua. "Ati huko anapikia watoto wa wazungu chapati ya maji iko na shepu ya twiga. Hapa akisikia njaa ananiuliza unga iko wapi."

Na hakuwa anamsingizia. Mpishi aliweza kuoka mkate ndani ya shimo la makaa, akautoa umeumuka vizuri, lakini jiko la kwake hakuligusa. Mimi nilidhani ni ule uvivu wa wanaume ninaoujua. Nilipomchokoza akanijibu bila kucheka kwamba hawezi kupika mahali ambapo haoni moshi unaenda wapi. "Hapa moshi inakaa na sisi, jirani. Inaingia kwa shuka. Huko inapanda inaenda zake."

Alikuwa na vituko vingi alivyotoka navyo porini. Kila asubuhi alichukua viatu vyake akavigonga chini, kisigino kwa kisigino, kutoa nge. Nge, Soweto! Watoto wa ploti walisimama kumtazama, wakaiga, mpaka ukisikia viatu vinagongwa mlango baada ya mlango unajua kumekucha. Akitoka kwake aliinama ingawa mlango ulimtosha, kwa mazoea ya hema. Na aliponing'iniza chochote, kuanzia taa hadi kitambaa cha jikoni, alikifunga fundo ambalo Mama Nafula alishindwa kulifungua bila meno.

Kituko kimoja kilinitia hasira kweli. Mvua za Aprili zilipokuja mwaka fulani, Mpishi alichukua jembe akazungushia chumba chake mtaro, vile wanavyozungushia hema ili maji yasiingie. Chumba chake kikabaki kikavu. Maji yake yote yakaja kwangu. Nilikuwa nimeweka mzigo wangu wa makoti ya mitumba ya kuuza soko la Toi chini ya kitanda, na asubuhi nikayakuta yakinywa maji kwa mikono yote miwili. Nilipanga kumtukana hadi ukoo, lakini nilipofika mlangoni alikuwa ameshashika jembe.

"Mahali pa kambi unachagua, jirani," alisema, na uso wake ulikuwa na aibu ya kweli. "Unaangalia mteremko, unaangalia miti. Sasa hapa sisi nani alituchagulia?"

Akanichimbia mtaro wangu. Maji yakamwendea kinyozi wa chumba cha tatu, naye akaja juu, akachimbiwa wake. Ikawa hivyo hadi mwisho wa ploti, na maji yakaishia kwenye choo cha mwenye nyumba, ambaye hatukumwambia lolote.

Kilichomshangaza Mpishi huko porini hakikuwa simba wala ndovu. Hao aliwataja juu juu, kama vile mtu anavyotaja majirani wasiomsumbua. Kilichomshangaza ni familia. Baba, mama, watoto, pengine na nyanya mwenye fimbo, wote wamefunga safari pamoja, wanapanda mlima Longonot wakivutana mikono, jioni wanakaa kuzunguka moto mmoja. Nyani akiiba mkate mezani, wanamwona wote, wanacheka wote. Kesho yake mmoja akisema "nyani" tu, basi, wanaangua kicheko upya na chai inamwagika. Hilo ndilo alilolisimulia tena na tena, bila kuchoka, hata kwa watu waliolisikia.

Siku moja akashindwa kujizuia. Alikuwa anampa bwana mmoja uji, mkewe na watoto wako pale, na nyanya yuko pale, akamuuliza kwa Kiingereza chake cha kambini: kwenu, sasa hivi, nani amelala?

Yule bwana hakuelewa. Mpishi akamweleza vizuri, kwamba nyumba, ile nyumba uliyoiacha huko kwenu, nani yuko ndani. Bwana akacheka, akasema, "Paka."

"Paka!" Mpishi alinisimulia hili pengine kila mwezi kwa miaka, na kila mara alisimama palepale kunitazama machoni. "Jirani, nyumba ya mawe, iko na televisheni, iko na friji, na imeachiwa paka!"

Asiyewahi kupanga Kibera anaweza kumcheka. Mimi simcheki. Ukuta wa udongo hauhitaji mwizi hodari. Mtu akiwa na kisu na subira anautoboa huku umelala, sembuse umesafiri. Na kuibiwa vyombo ni jambo dogo. Chumba chenyewe kinaweza kuibiwa. Yule kinyozi wetu wa chumba cha tatu alikwenda kuzika baba yake, akarudi akakuta mwanamume asiyemjua amejinyoosha kitandani, vitu vyake viko nje vimefunikwa gunia, na msimamizi wa ploti anamwambia walidhani amehama. Kwa hiyo kwetu nyumba haikuachwa. Jirani aliweza kukuangalizia mchana, lakini usiku lazima awe ndani mtu wa kwenu anayekohoa.

Sasa fikiria familia ya watu watano inayoishi hivyo. Mama yake Mama Nafula alipofariki, Mpishi alibaki Soweto kulala. Baba yake Mpishi alipofariki, Mama Nafula akabaki. Kanisani walikwenda kwa zamu, misa ya kwanza na misa ya pili. Tangu Nafula azaliwe, na baada yake wale wavulana wawili, hawakuwahi kuwa pamoja, wote, mahali popote nje ya kile chumba. Na hiki ndicho Mpishi alichokitaka. Hakuomba pesa za kupindukia wala shamba. Alitaka wote watano walale nje chini ya hema moja, hata usiku mmoja, wakaone kitu kimoja kwa wakati mmoja, kabla Nafula hajakua akaenda kwake.

Hema alikuwa nalo. Kampuni ilimpa moja kuukuu lililokufa zipu, la kijani, limepauka mgongoni. Aliniletea nimtafutie dawa. Mimi zipu ndefu hivyo sikuwa nayo, lakini makoti ya mitumba yana vifungo vya kila aina, nikamshonea vifungo mlango mzima, vya kahawia, vya dhahabu, kimoja chenye nanga. Alikifungua na kukifunga kile cha nanga mara nyingi sana. Kisha hema likapanda juu kwenye boriti, likakaa hapo likifukizwa moshi wa jiko miaka nenda miaka rudi.

Kila Aprili, wageni wanapopungua, alisema mwaka huu ni mwaka huu. Mara moja walifika karibu sana. Binamu yake wa Kawangware alikuwa amekubali kuja kulala. Asubuhi ile wote walivaa, Nafula akiwa na kofia ya majani ya mgeni fulani, mikate imepakwa siagi, hema limeshuka chini. Walikaa kitandani kwa mstari wakimngoja binamu. Jua likapanda. Nikatokea mlangoni nikawaambia waende, mimi niko hapa tu, ng'ambo ya ukuta.

"Asante jirani," Mpishi alisema. "Lakini wewe utakuwa umelala kwako."

Niliumia, sitaficha. Nilitaka kumwambia kwamba nikisikia panya wao akikohoa najua ni yupi. Lakini alikuwa amesema kweli, maana mimi pia nilikuwa peke yangu. Mume wangu alikwisha fariki na binti yangu analelewa na mama yangu Siaya, na chumba changu nacho kilihitaji mtu wa kukohoa. Binamu hakufika. Mchana walikula ile mikate palepale kitandani, na Nafula alikula akiwa na kofia.

Baada ya hapo akabuni zamu. Aprili moja aliwapeleka wavulana Naivasha, mkewe na Nafula wakalala Soweto. Iliyofuata akawapeleka Mama Nafula na Nafula, wavulana wakalala. Nilidhani ametatua. Kumbe ndiyo mwanzo wa ugomvi. Wavulana waliona kiboko akitoka ziwani kula nyasi. Nafula akasema hakuna kiboko, kulikuwa na ndege. Mama Nafula alisema hema lilikuwa chini ya mgunga. Wavulana wakasema la, lilikuwa kando ya maji. Kila mmoja alisimulia kichekesho chake na wengine wakamtazama tu. Mpishi, aliyekuwa amekwenda zote, alikaa katikati akicheka peke yake pande zote, kisha akaacha kucheka.

"Ni kama niko na familia mbili," aliniambia, "na hazijuani."

Wakati huo ndipo nilipoanza kumwonea huruma badala ya kumchokoza. Kazi ilipokosekana alikaa kwenye kigoda mlangoni, mbele yake ukuta wa jirani wa ng'ambo, karibu uuguse kwa mkono ulionyooshwa. Alikaa hivyo kutwa. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema, "Macho yangu imekosa mahali pa kwenda." Lakini hata huko kwenye nafasi hakupumzika. Mama Nafula aliniambia kwamba kule Naivasha aliamka mara kwa mara, na si fisi waliomwamsha. Alikuwa akiuliza kama wavulana watakumbuka kuegemeza sufuria mlangoni, ianguke ipige kelele mtu akisukuma.

Halafu wageni wakapungua kabisa nchini, na kampuni ikamwachisha kazi. Mimi nikapata chumba cha mawe Kawangware, chenye mlango wa chuma, nikahama. Tuliendelea kuonana Toi, kwenye meza yangu ya makoti, hadi Alhamisi moja Mama Nafula alipokuja akasimama bila kugusa nguo.

"Nafula amepata kazi ya saluni Mombasa. Anaenda Jumatatu."

"Si ni vizuri?"

"Ni vizuri." Akashika mkono wa koti moja, akauachilia. "Anaenda, na hatujawahi enda. Mpishi haongei."

Nilimwambia wafunge mizigo. Jumamosi nitakuja kulala mimi, tena ndani, kwenye kitanda chao. Aliniuliza Kawangware je, nikamwambia kule ni mawe, kule ni chuma, kule siyo Soweto.

Jumamosi nilifika na blanketi langu. Safari hii hawakuwa na gari la kampuni, kwa hivyo walikuwa wanaenda karibu, vilima vya Ngong, ambako Mpishi alijuana na walinzi wa msitu na wangempa mahali penye nyasi kando ya kituo chao. Nilimwona akipakia kwa macho yangu mwenyewe: chumvi kwanza, ndani ya kopo dogo la filamu ya kamera, kisha kiberiti, kisha vingine vyote. Wavulana walikuwa wamenizidi urefu. Nafula alibeba hema mwenyewe. Mpishi alinionyesha sufuria ya kuegemeza mlangoni, akanionyesha tena. Wakaenda, wote watano, wakipita kijinjia kile mmoja mmoja kwa sababu hakikuruhusu wawili.

Jua lilikuwa bado juu ya mabati niliposikia hatua. Viatu vile ningevijua hata usingizini. Akagonga.

"Jirani, ni mimi. Fungua."

"Kuna nini? Watoto wako sawa?"

"Wako sawa. Tenti imesimama, moto inawaka. Nimesahau tu chumvi."

Nilikuwa nimeshika komeo tayari. Nikaliachilia. "Chumvi uliweka kwa kopo ya filamu, Baba Nafula. Uliweka kwanza."

Kupitia ufa wa mlango nilimwona amesimama na nyasi kwenye soksi, anatazama kufuli lililoning'inia, anatazama ukuta, anatazama juu kwenye mabati.

"Ukiwa pale juu unaona huku kote," akasema polepole. "Nimeona mabati ya Kibera ikimetameta. Nikatafuta yetu, nikakosa. Wote wamekaa hapo kwa moto, wananitazama wakingoja nikae, na mimi siwezi kaa. Jirani, nifungulie. Nitalala hapa, wewe uende kwako. Wao wako sawa, wako na walinzi."

Hasira iliyonipanda sikuijua ilikotoka. Pengine ilikuwa ya ile mikate iliyoliwa kitandani. Nikasukuma komeo hadi mwisho ili alisikie.

"Sifungui."

"Ni nyumba yangu."

"Nyumba iko na mtu. Umesikia nikikohoa?" Nikakohoa kwa nguvu hadi ng'ambo wakauliza kuna nini. "Basi. Rudi kwa watoto wako."

Aligonga tena, taratibu, kama mgeni. Kisha nikaona ameinamisha kichwa hadi kwenye mbao. Nilijua anavyofikiri, na nilijua swali linalokuja.

"Na kwako? Kawangware, nani amelala?"

Nilikuwa nimejiambia mawe na chuma tangu Alhamisi. Lakini aliponiuliza, sauti yake ikiwa karibu hivyo, mawe na chuma havikunitosha tena. Kwangu hakukuwa na mtu, na kule majirani hata hawakujua jina langu.

"Paka," nikasema.

Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia kupitia ukuta ule kwa miaka mingi, Mpishi akicheka, kwanza puani, halafu kifua kizima, akiegemea mlango hadi ukatikisika. "Paka!" akasema. "Paka, jirani!" Akafuta macho, akavuta soksi zake, akaondoka. Nilisikiliza viatu mpaka vikapotelea kwenye kelele za barabarani.

Mimi nikabaki ndani. Sikuwahi kukiona chumba kile hivyo, nikiwa peke yangu na mlango umefungwa. Nilikaa kitandani nikatazama sufuria, na nilichokiona ni mlango wangu wa Kawangware. Kila hatua iliyopita nje ilikuwa inapita kule. Nilimwelewa Mpishi usiku ule kuliko miaka yote ya kugawana ukuta.

Walirudi Jumapili mchana wakinuka moshi. Mama Nafula aliingia, akaweka mkoba chini, akasema neno moja tu, "Sweta," na wote watano wakaanguka. Nafula alikaa sakafuni akishika mbavu. Mvulana mdogo alijaribu kunieleza, akaanza mara nyingi, hakufika popote, na kila alipoanza walianguka upya. Mpishi alikuwa ameshika boriti machozi yakimtoka. Hakuangalia ukuta hata mara moja. Sikuelewa kichekesho chenyewe, na mpaka leo sikijui.

Nilikataa chai nikaondoka. Nilianza kwa kutembea, nikamaliza kwa kukimbia. Mlango wa chuma ulikuwa wazi, kufuli limekatwa na limewekwa vizuri juu ya kidirisha. Marobota yangu mawili ya makoti, cherehani, redio, hata pazia, hakuna. Majirani hawakusikia kitu. Nilikaa chini nikalia sana, na katikati ya kilio nikawa nasikia wale watu watano wakicheka, nikakasirika, kisha nikaendelea kulia.

Mpishi nilimwona mara ya mwisho wiki chache baadaye, pale Toi. Nafula alikuwa amekwisha kwenda. Alikuja bila haraka, shati safi, akasimama mbele ya meza yangu iliyokuwa na makoti mawili ya kuazima.

"Ati biashara imekuwa poa hivi?" akasema. "Nguo zote zimeisha!"

"Zimeisha," nikamwambia.

Akafurahi kwa ajili yangu, kweli kweli. Akachukua koti moja, akagusa vifungo vyake kimoja kimoja, akalirudisha. Kisha akanisogelea, macho yakianza kucheka kabla ya mdomo.

"Na paka?"

"Mzima," nikasema. "Anakusalimu."